Kopo la Vidonge Vyeupe

Anayetaka kuijua Ifakara asianzie sokoni wala stesheni. Aanzie kwenye benchi la Abdulkarim. Ni ubao mmoja wa mninga uliolazwa juu ya matofali pale Mlabani, mkabala na geti la hospitali, na wanaoukalia ni watu wanaojua kila jambo la dunia hii isipokuwa saa ya kurudi kazini. Abdulkarim anauza kahawa chungu na kashata, na mwaka ule wa tisini na sita, pembeni ya jiko lake la mkaa, lilikaa kopo lililokuwa fahari ya kijiwe kizima. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, lenye kifuniko cha bawaba, na ndani yake mlikuwa na vidonge vya malaria. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: ukiugua, ukapata dawa, ukapona kabla vidonge havijaisha, vilivyobaki unavileta kwenye kopo, na mwenzako akishikwa na homa anakuja kuchokoa humo viwili vitatu, anakwenda zake. Waliliita Kopo la Ujirani, na hata wapita njia walikuwa wakilisifu.

Aliyelitengeneza ni Lukelo, fundi bati, ambaye kwa sababu ya taa za mafuta anazounda alibandikwa jina la Koroboi. Siku hiyo, saa nane mchana, alikuwa amekaa mwisho wa benchi ameshika kikombe cha kahawa iliyopoa zamani. Binti yake Dativa, mtoto wa miaka mitano, alikuwa ndani ya geti lile. Asubuhi alishikwa na degedege, wakamkimbiza kwa baiskeli, mama yake Paskazia amekaa nyuma amempakata. Daktari alisema ni malaria kali, na kwamba majibu ya damu yakitoka mtoto atatundikiwa dripu ya kwinini. Kisha wanaume wakatolewa wodini mpaka saa kumi, saa ya kuona wagonjwa. Tangu hapo Lukelo alikuwa hana kazi nyingine ila kulitazama geti kwa hofu.

Hofu yenyewe ilikuwa na jambo ndani yake ambalo wenzake hawakulijua. Daktari alipouliza mtoto amekula dawa gani kabla ya kuja, Paskazia alijibu haraka kwamba hajala dawa yoyote. Alisema kweli kama alivyoijua. Hakujua kwamba alfajiri, yeye akiwa bombani kuchota maji, Lukelo alichukua vidonge vinne alivyovitoa kwenye kopo jana yake, akavisaga, akamnywesha mtoto kwenye uji. Lukelo alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda. Akafungua mdomo, akaufunga. Muuguzi alikuwa mkali, watu walikuwa wengi, na moyoni akajiambia kwamba dawa ni dawa tu.

— Kunywa kahawa, Koroboi, — alisema Abdulkarim. — Mtoto yuko mikononi mwa wenye kazi yao.

— Nakunywa.

— Unaitazama, huinywi.

Festo alisogea karibu. Huyu kijiweni aliitwa Mguu Wazi, kwa sababu zamani aliwahi kuajiriwa na watafiti wa mbu, na kazi yake ilikuwa kukaa na suruali imekunjwa hadi magotini, mbu akitua anamfyonza kwa mrija na kumtia kwenye kikombe. Tangu hapo alijihesabu kuwa nusu daktari.

— Mimi kinachonishangaza, — alisema Festo, — hii ni mara ya tatu. Si alianza tangu Pasaka?

— Mara ya tatu, — alijibu Lukelo.

— Na kila mara klorokwini?

— Kila mara.

— Ile ya kwanza si alipona?

— Siku ya pili tu alikuwa anacheza rede na wenzake.

Hakuongeza kwamba siku hiyo hiyo ya rede alivikusanya vidonge vilivyobaki, akavileta kwenye kopo mbele ya watu, na Abdulkarim akampa kahawa ya bure kwa uungwana wake.

— Dawa siku hizi si dawa, — alidakia Mzee Donati. Mzee huyu alikata miwa kwenye mashamba ya sukari miaka ishirini na miwili, akastaafu na jina la Molasi. — Zamani ukimeza klorokwini unawashwa mwili mzima, unasugua mgongo kwenye mlango mpaka mlango unalia. Sasa hivi mtu anameza, anatulia kama kala karanga. Wamechanganya unga wa muhogo.

— Nani kachanganya?

— Wao.

— Wao kina nani, Mzee Molasi?

— Ningewajua kwa majina ningekuwa nimekaa hapa na nyie?

— Si dawa, — alisema Limbu taratibu. Limbu ni Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache nyuma, na kwa vile hakuna mjadala ambao hajaurudisha kwenye kuogesha mifugo, walimwita Josho. — Ni malaria yenyewe. Ya zamani ya hapa kwenu ilikuwa pole, inawajua wenyeji. Hii imeshuka na treni, imetoka Zambia huko. Ni ngeni, haina adabu.

— Na wewe ulishuka na nini, Josho? — aliuliza Donati.

— Mimi nilikuja kwa miguu, mzee wangu, na nilipiga hodi!

Wakacheka, na Limbu akacheka kuliko wote. Lukelo alijitahidi naye kucheka, lakini mlinzi alikuwa amefungua geti, na cheko likamwishia mdomoni. Mlinzi aliita jina la mtu mwingine. Mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye nyasi akanyanyuka mbio, khanga ikamdondoka, hakuirudia.

— Si wewe, — alisema Abdulkarim, akimshika Lukelo bega. — Kaa.

Alikaa. Macho aliyaacha pale pale getini.

Nadhani ni kwa kuyaona macho hayo ndipo Abdulkarim alipoamua kuuwasha mjadala upya, kwani kijiwe chetu kikikosa la kufanya husaidia kwa maneno.

— Hebu kwanza tuambiane, hiyo malaria ni kitu gani? Mdudu?

— Mdudu ana miguu sita, — alisema Festo. — Kiini cha malaria hakina hata mmoja.

— Basi mnyoo.

— Si mnyoo.

— Mmea?

— Mmea gani unaota kwenye damu, Abdu?

— Mnachanganya mambo bure, — alisema Donati. — Viumbe viko vya aina tatu. Vinavyotembea, vinavyoruka, vinavyoota. Basi, imekwisha.

— Samaki?

— Anatembea majini.

— Popo?

— Ndege.

— Ananyonyesha, Mzee!

— Ni ndege mwenye matatizo yake.

— Mimi nataka kujua kuhusu kiboko, — alisema Abdulkarim, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi wa kweli. — Kuna bwana mmoja aliyekuja kuhesabu swala sheshe, aliniambia kiboko na nguruwe wanatoka mbali pamoja. Sasa mimi nilipokuwa Malinyi niliwahi kukaribishwa mchuzi, sikuuliza ni wa nyama gani.

Benchi zima liliangua kicheko. Festo alisubiri kitulie, akanyoosha kidole kama alivyokuwa akifanya anapotaka kukumbusha kwamba aliwahi kufanya kazi na wasomi.

— Wenzetu hawapangi viumbe kwa sura, wanapanga kwa ukoo. Nani kazaliwa na nani, tangu enzi na enzi. Tulikuwa tukikamata mbu wawili, unawaweka kiganjani, mguu sawa, bawa sawa, hata kwa lenzi huwatenganishi. Kumbe mmoja anamfuata mtu ndani ya nyumba, mwenzake anapenda ng'ombe huko zizini. Sura moja, koo mbili. Ukiwachukulia kuwa ni kitu kimoja, umeumia.

Lukelo aliyaondoa macho getini kwa mara ya kwanza.

— Na vidonge? — aliuliza.

— Vidonge vipi?

— Vyeupe. Vikiwa vyote vyeupe, si dawa moja?

— Nani kakudanganya? — Festo alicheka. — Klorokwini nyeupe, aspirini nyeupe, vile vya salfa vyeupe. Vingine vina mstari katikati, vingine havina, vingine vina herufi. Mtu asiyejua anaweza kumeza dawa ya kichwa akadhani ametibu malaria, au akameza dawa mbili kali kwa mpigo akajimaliza.

Lukelo alijaribu kukumbuka kama vile vinne vilikuwa na mstari. Nyumbani alfajiri hiyo kulikuwa na giza. Mtengeneza koroboi wa mji mzima, na yake mwenyewe ilikuwa imekauka mafuta. Alivisaga kwa mgongo wa kijiko bila hata kuvitazama. Akatamani kwenda, na akaogopa kwenda. Atamwambia nini daktari? Atamtazamaje Paskazia, aliyejibu mbele ya watu wote kwa moyo mweupe?

— Majibu ya damu huchukua muda gani? — aliuliza.

— Hayakawii, — alisema Festo. — Huenda wameshayapata. Sasa hivi wanatafuta mshipa.

Lukelo alikiweka kikombe chini.

— Mimi nimeshaelewa kwa nini dawa haishiki, — alisema Abdulkarim. — Ni mazoea. Mtu akianza kunywa kahawa, kikombe kimoja kinamfanya akeshe. Baada ya mwaka anakunywa sita na kulala fofofo. Hivyo viini vimeizoea klorokwini. Vinainywa kama chai.

— Wanafundishana, — aliongeza Donati, na macho yakamwaka. — Nakwambia wana mikutano. Kiini mzee anawaita wajukuu, anawaambia, kidonge cha hivi mimi nilikiona mwaka wa themanini na nane, kikija jificheni kwenye ini, kikipita tokeni.

— Na mwenyekiti wao anachaguliwa kila baada ya miaka mitano, — alisema Festo. — Acha hizo, Mzee. Aliyekufa hafundishi mtu, na asiyekufa hakuhitaji kufundishwa.

— Ngoja hapo, — alisema Limbu. Alikuwa ameacha kucheka. — Rudia.

— Nimesema asiyekufa hakuhitaji kufundishwa.

— Kupe, — alisema Limbu.

— Haya, tumefika joshoni!

— Nisikilizeni, jamani. Nilipofika huku, nikiwaogesha ng'ombe kupe wanapukutika wote. Mwaka wa tatu, ng'ombe anatoka kwenye dawa na kupe wake wanamning'inia, wazima. Nikasema wamejifunza. Kumbe... — Alisita. — Mimi dawa nilikuwa naipunguza. Naiongezea maji ili ifike mbali.

— Ukaua wanyonge, — alisema Festo.

— Nikaua wanyonge. Wale wachache wenye ngozi ngumu nikawaachia ng'ombe wote peke yao.

Mzee Donati, ambaye kwa kawaida hunyamaza anapolala tu, alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, kiganja chenye sugu.

— Mpunga pori, — alisema.

— Nini, Mzee?

— Kule shambani kwangu Michenga. Marehemu mama yangu alikuwa anaung'oa huku anaimba, maana ulikuwa unajitangaza wenyewe. Shina jekundu chini, unauona ukiwa bado umesimama. Mimi na mke wangu tumeung'oa miaka thelathini. Leo njoo uingie shambani uniambie upi mpunga, upi si mpunga. Shina la kijani, jani lile lile, urefu ule ule. Unaupalilia mwenyewe, unaufukuzia ndege, mpaka siku unapotoa mbegu ndipo unajua, na mbegu zenyewe zinapukutika kabla hujanoa mundu.

— Umekuwa mjanja, — alisema Abdulkarim.

— Haujawa mjanja. — Mzee alizungumza polepole, na ilionekana naye alikuwa akilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. — Miche yenye shina jekundu niliing'oa yote. Iliyobaki ni ile michache iliyofanana na mpunga tangu mwanzo. Ndiyo iliyozaa, na watoto wake wakafanana nayo. Na katika hao, waliofanana kidogo nikawang'oa, waliofanana sana nikawaacha. Miaka thelathini nimekuwa nikimchagulia mbegu adui yangu, kwa mkono huu.

Lukelo alimgeukia Festo.

— Mguu Wazi. Mtu akipewa dozi ya siku tatu, akameza siku moja na nusu, homa ikashuka, akaacha?

Festo hakumtazama usoni.

— Wanyonge ndio wanaokufa kwanza. Homa inashuka, mtoto anatoka kucheza. Waliobaki ni wale wagumu, na damu yote imekuwa shamba lao.

— Na vile alivyoviacha, akipewa mtu mwingine viwili?

— Na huko pia wanakufa wanyonge tu.

Basi wote watano walijikuta wanalitazama kopo. Lilikuwa linang'aa, kwa vile Abdulkarim hulisugua kwa majivu kila Jumamosi. Miaka miwili lilikuwa limekaa pale. Limbu alichukua humo, na Donati alichukua humo, na mke wa Donati, na watoto wa Abdulkarim, na nusu ya Mlabani.

— Lakini tulifanya kwa wema, — alisema Abdulkarim.

Alilishika birika ili awaongezee kahawa, akaliinamisha, likatoa machicha matupu.

Ndipo alipofika yule mama. Alikuwa kijana bado, miguu yake ina matope yaliyokauka hadi kwenye ugoko, na mgongoni amebeba mtoto aliyelalia shavu, macho nusu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — alisema Donati.

— Karibu, mayu, — alisema Limbu, akimwita mama kwa Kisukuma chake, akampisha nafasi kwenye benchi.

— Nashukuru, sikai. Naitwa Odilia, natokea Michenga. Nimeelekezwa kwamba hapa kuna watu wema wana kopo la dawa. Mtoto ana homa tangu juzi. Nilitaka niwahi kurudi, nimeacha mpunga na ndege.

Mkono wa Abdulkarim ulikuwa na mazoea ya miaka miwili, nao ulilifungua kopo kabla mwenyewe hajafikiri. Odilia aliingiza vidole, akatoa vidonge vichache, akavitandaza kiganjani. Vingine vilikuwa na mstari, vingine havina. Kimoja kilikuwa kipande, na kimoja kilikuwa kimeanza kufanya umanjano pembeni.

Alivitazama, kisha akawatazama wao, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima zote.

— Sasa hii ni dawa gani, na nimpe vingapi?

Festo alifungua mdomo. Mzee Donati alikohoa. Limbu aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Wazee wa mambo yote ya dunia, waliomaliza habari za popo na kiboko, walikuwa hawana jibu la mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Lukelo alisimama.

— Usimpe, — alisema.

— Kwa nini, kaka?

— Kwa sababu mimi leo alfajiri nimempa wangu vinne humo humo. Sijui nilimpa nini. Mama yake hajui kama nilimpa. Daktari hajui.

— Koroboi! — Festo aliruka kutoka kwenye benchi. — Na wanamwekea kwinini! Kama ni klorokwini, zikikutana mbili moyo wa mtoto unaweza kusimama...

— Najua. Nimekaa hapa saa nzima nakusikiliza ukisema.

Alivichukua vidonge kutoka kiganjani mwa Odilia, akavirudisha, akakifunga kile kifuniko alichokichomelea mwenyewe, na kopo akalitia kwapani.

— Njoo, dada, mtoto wako naye wakampime.

Mlinzi alimwona anakuja, akainua mkono.

— Fundi, saa kumi bado. Kuona wagonjwa ni saa kumi.

— Siji kuona mgonjwa, — alisema Lukelo. Hakujali tena nani anamsikia. — Nakuja kumwambia daktari kwamba mke wangu hakudanganya. Aliyenyamaza ni mimi.

Mlinzi alilitazama kopo, akamtazama mtoto mgongoni mwa Odilia, akafungua.

Odilia alielekezwa kwenye foleni ya vipimo. Lukelo alipita katikati ya vitanda akikimbia, na muuguzi akamkemea, na hakusimama. Chupa ya dripu ilikuwa imeshatundikwa juu ya kitanda cha Dativa. Mrija ulikuwa mkononi mwa daktari, bado haujaunganishwa.

— Daktari, subiri. Alimeza. Alfajiri nilimpa vidonge, vimetoka humu.

Paskazia aliinua uso. Aligeuka akachovya kitambaa majini, na Lukelo angependa mara mia amtukane. Daktari aliuning'iniza mrija mahali pake, akalipokea kopo, akalimimina lote kwenye sinia ya chuma. Vidonge vilitawanyika kwa mlio mrefu. Vilikuwa vingi kuliko Lukelo alivyodhani. Daktari akachukua kalamu mfukoni na kwa ncha yake akaanza kuvitenga, kimoja kimoja, vya mstari huku, visivyo na mstari kule, vya herufi upande wake, vipande upande wao. Alipofika katikati aliacha, akamgeukia.

— Haya, baba Dativa. Nionyeshe. Alimeza vipi kati ya hivi?

Lukelo aliinama juu ya sinia. Kitandani mtoto alikuwa akipumua haraka haraka, na mama yake alikuwa akimpangusa kipaji cha uso bila kumtazama mumewe. Lukelo alinyoosha kidole kwenye fungu moja, akakihamishia kwenye la pili, kisha akaurudisha mkono wake kifuani. Vyote vilikuwa vyeupe.